Mnatupea Injini Kavu Halafu Mnapiga Picha

Leo utani ni kidogo. Juzi nimeona pampu nyingine imekufa kando ya Turkwel, na juu ya maiti yake nikasikia ile sentensi tena: "Vijana wa huku hawawezi kutunza kitu." Nataka tuifungue hiyo sentensi kama vile fundi anafungua injini, tuone ni nani hasa hakutunza nini.

Kwanza niwajibu mliocheka niliposema nitaongea kuhusu oili ya injini za mashine za kukata nyasi. Eti Lodwar nyasi iko wapi. Kweli, hatuna. Hapa kinachomea bila kuombwa ni mathenge, na mathenge inakatwa na panga na hasira. Lakini ile injini inayosukumwa juu ya nyasi kule Runda ni ndugu wa damu wa hii iliyofungwa kwenye pampu ya maji hapa kwetu, na wa ile jenereta ndogo ya kinyozi. Silinda moja, mipigo minne, inapozwa na hewa, inawashwa kwa kuvuta kamba. Ukiijua moja umezijua zote. Tofauti ni moja tu: ya Runda inafanya kazi saa moja kwa wiki, yetu inaanza asubuhi inamaliza jua likitua.

Shika hesabu hapo. Pampu nyingi za bei nafuu mnazoziona huku injini zake zimeiga Honda GX160. Kitabu cha hiyo GX160 kinasema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 au mwezi wa kwanza, halafu kila saa 100 au kila miezi 6, kile kitakachofika kwanza. Rudia hapo mwisho: kile kitakachofika kwanza.

Kule Runda miezi 6 ndiyo inafika kwanza, maana saa moja kwa wiki ni kama saa 52 kwa mwaka mzima. Pampu ya shamba la mtoni inapiga kazi kama saa 7 kwa siku. Kwa hivyo zile saa 20 za kwanza zinaisha siku ya tatu. Siku ya tatu! Mheshimiwa aliyekata utepe hajamaliza hata kuposti picha. Baada ya hapo, saa 100 zinaisha kila wiki mbili. Miezi 6 ni ya watu wa nyasi.

Ndiyo maana nawaambia muache kumeza video za YouTube mzimamzima. Mzee wa Marekani amesimama kwenye gereji safi kuliko hospitali, anakuambia badilisha oili mara moja kwa msimu. Hadanganyi. Anaongea na mtu anayekata nyasi Jumamosi. Kuna hata kampuni kubwa ya huko, Briggs & Stratton, imetoa injini za mashine za nyasi ambazo inasema huhitaji kubadilisha oili kabisa, unaangalia tu na kuongeza. Msee mmoja alinitumia hiyo kama ushahidi kwamba napiga kelele bure. Buda, hiyo ni injini ya uwanja wa nyumbani, kwenye hewa ya baridi, saa chache kwa mwezi. Ilete hapa joto linapopita nyuzi 35 mara nyingi na upepo unabeba mchanga, uione ikiomba msamaha.

Sasa turudi kwa ile pampu. Mnajua vile hizi mambo zinaendanga. Magari meupe manne, hema, viti vya plastiki, tisheti zenye nembo. Kina mama wameimba tangu saa tatu, mgeni wa heshima anafika saa saba. Pampu zimepangwa mstari zikiwa na utepe kama bibi harusi. Mheshimiwa anavuta kamba, injini inanguruma, makofi, picha, soda, magari yanaondoka, vumbi.

Swali langu ni moja. Nani alipima oili kabla mheshimiwa hajavuta ile kamba?

Kwa sababu injini hizi zinasafirishwa zikiwa kavu. Hazina oili ndani. Kwa kawaida kuna stika au karatasi kwenye boksi inayokuambia weka oili kwanza. Lakini boksi lilifunguliwa na dereva ili pampu ipendeze kwenye picha, na karatasi ikaenda na upepo. Injini yenye kihisi cha oili itakataa kuwaka, na hapo una bahati, mtaaibika mbele ya watu lakini chuma kitapona. Ile isiyo na kihisi itawaka vizuri tu. Kwa dakika zote mnazopiga makofi, ndani chuma kinakula chuma.

Hii ya juzi ilitolewa kwa kikundi cha vijana na shirika fulani, silitaji. Walikuwa wanalima sukuma, kunde na tikiti. Imeishi miezi mitatu kisha ikanoki. Tupige hesabu pamoja: siku 90 mara saa 7 ni saa 630. Ukifuata kitabu, mara ya kwanza kwa saa 20, halafu kila saa 100, hiyo pampu ilitakiwa kumwagwa oili mara 7. Tumbo lake linabeba kama lita 0.6. Mara 7 ni lita 4 na kidogo. Lita ya oili nzuri hapa Lodwar ukinunua dukani unatoa kama shilingi 700. Yaani kwa elfu tatu hivi, hiyo pampu ingekuwa inaunguruma hadi leo.

Niliuliza ilibadilishwa mara ngapi. Jibu: "Tulikuwa tunaongeza." Kwa bajeti ya mradi kulikuwa na pesa ya hema, pesa ya tisheti, pesa ya chakula cha wageni. Mstari wa oili haukuwepo. Sukuma kwenye mchanga wetu bila maji inahesabu siku, haihesabu wiki. Pampu ilikufa Jumatatu na kufikia wikendi shamba lilikuwa majani ya kahawia. Wale wasee walikuwa wameshakopa mbegu. Mmoja alikuwa anamlipia mdogo wake karo na hiyo kunde. Halafu mtu aliyevaa kofia ya mradi anakuja anaandika kwenye ripoti kwamba jamii haikuonyesha umiliki. Umiliki! Neno hilo likiingia kwenye ripoti jua kuna mtu anatafuta wa kumtwika.

Wacha niwaeleze kwa nini "kuongeza tu" ni sumu, maana hata mafundi wengine wanawadanganya. Gari lina pampu ya oili na filta ya oili. Hizi injini ndogo nyingi hazina hata kimoja. Chini ya mkono wa pistoni kuna kitu kama kijiko kidogo. Kila mzunguko hicho kijiko kinachota oili na kuirusha huku na huku humo ndani, ndiyo kila chuma kinapata kulowa. Mfumo wenyewe umeishia hapo. Hakuna filta ya kushika uchafu. Vumbi likiingia, unga wa chuma ukitoka kwa ringi, vyote vinabaki humo vinazunguka na oili mpaka uimwage. Ukiongeza oili mpya juu ya ile nyeusi, umeosha vyombo na maji ya jana. Ile saa 20 ya kwanza ni muhimu kupita zote kwa sababu injini mpya ndiyo inatoa unga mwingi wa chuma, vyuma bado vinazoeana.

Na hicho kijiko kina adui mwingine ambaye Runda hawamjui: kingo za mto. Hawa wasee wanashusha pampu karibu na maji, wanaiweka pale kwenye mteremko. Oili inakimbilia upande mmoja, kijiko kinachota hewa. Injini yenye kihisi inajizima. Sasa sikilizeni kitu ambacho nimekiona zaidi ya mara moja: fundi anaitwa, anakuta injini inajizimazima, anakata waya wa kihisi. Inawaka. Watu wanafurahi, fundi analipwa, anaonekana mtaalamu. Wiki moja baadaye mkono wa pistoni umetoka nje kwa ubavu wa injini. Ile waya ndiyo ilikuwa inawaambia kwamba mnaua mashine, na mmelipa mtu ainyamazishe. Mawe mawili bapa na kipande cha mbao chini ya pampu, ikae sawa, shida imeisha bila fundi.

Vumbi nalipitia haraka. Ile sponji ya filta ya hewa osheni kwa sabuni na maji, ikauke kabisa, mtie oili safi kidogo, mkamue, mrudishe. Kitabu kinasema kila saa 50, na mahali pa vumbi mara nyingi zaidi. Hapa kwetu siku ambayo si ya vumbi ni ipi? Mkiiacha, mchanga unaingia kwa silinda unashuka kwa oili, na mchanga ndani ya oili ni msasa. Na kama kikundi chenu kina msumeno wa injini wa kukatia mathenge, huo ni wa mipigo miwili, hauna tumbo la oili. Oili yake inachanganywa na petroli, nyingi ni mililita 20 kwa lita moja, zingine 40, soma kifuniko cha tangi. Mtu akiweka petroli tupu kwenye huo msumeno anapaswa kunyimwa chai.

Halafu kuna hii biashara ya oili ya kupima kwenye chupa za soda. Nyeusi imechujwa kwa kitambaa, inarudi sokoni ikiwa ya kahawia. Nyeusi iliyotumika ina kazi zake, wazee wanapaka nguzo za nyumba mchwa wasile. Ipeleke huko kwa mchwa. Usiirudishe kwa injini, na usiimwage kwenye mchanga wa mto ambao kesho mama yako atachimba akitafuta maji ya kunywa.

Najua wanaofuata watasema: si hii ni tabia ya Waturkana tu, hata mkipewa oili mtaiuza. Hapo ndipo nawaomba mpande gari twende Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar. Kambi imekuwepo tangu 1992. Kwa miaka mingi maduka ndani ya kambi yamepata stima kutoka kwa jenereta za wafanyabiashara wenyewe, wakimbizi. Mtu ananunua jenereta, anavuta waya mpaka kwa jirani, kwa duka, kwa saluni, kwa sehemu ya kuonyesha mpira, na anakusanya malipo. Siku hizi sola imeingia sana, lakini jenereta bado ziko.

Nilikaa na mmoja wao, Mkongo, hakutaka jina lake kwa posti. Ana daftari la shule la kurasa 96. Kila jioni anaandika saa ngapi imewaka, saa ngapi imezimwa. Ikifika hesabu yake, anamwaga oili ikiwa bado na moto, wakati ni nyepesi na inabeba uchafu wote, anaangalia rangi yake kwa kidole, anaweka mpya. Hana cheti chochote. Hakuna mtu alimfanyia warsha ya siku tatu hotelini. Anatunza kwa sababu injini ikizima usiku wa mechi, wateja watamla mbichi, na kesho watoto wake hawali. Joto ni lilelile, vumbi ni lilelile, injini ni aina ileile ya Kichina. Kwa hivyo msiniletee habari ya jua la Turkana, wala ya kabila.

Yule Mkongo pesa ya oili iko ndani ya bei ya stima. Kila taa inayowaka kwa jirani inalipia tone la oili. Kikundi cha Lodwar kilipewa mashine ambayo oili yake haiko ndani ya bei ya chochote. Haimo kwa bajeti ya mfadhili, haimo kwa bei ya sukuma, haimo kwa michango ya memba. Mlitegemea itoke wapi?

Na hii si mpya. Wazee wa Kalokol wanaweza kukuonyesha kwa kidole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki wa Ziwa Turkana. Jengo kubwa, mamilioni ya dola. Kilifanya kazi siku chache tu kikafungwa. Gharama ya kuendesha friji hizo kwenye joto hili, na maji safi ya kiwanda, ilikuwa juu kuliko samaki wenyewe. Kujenga kulipigiwa hesabu, kuendesha hakukupigiwa. Tangu hapo mahali pengi wakiandika kuhusu misaada iliyofeli Afrika, Kalokol inatajwa. Miaka zaidi ya 40 baadaye tunarudia kitu hichohicho, safari hii kwa injini inayobebwa na watu wawili.

(Kuna watakaoniuliza, na nyinyi si mna mafuta yenu Lokichar? Ndiyo, yalipatikana 2012, na 2018 malori yakaanza kuyabeba kwenda Mombasa. Ni mafuta ghafi yenye nta, yanagandamana yakipoa, ilibidi yasafirishwe kwenye matangi yanayopashwa moto. Huwezi kuchota ukaweka kwa nduthi yako. Lakini nakubali, kaunti ambayo mafuta yake yamepakiwa melini na pampu zake zinakufa kwa kukosa lita 0.6, ni kichekesho cha kikatili.)

Kwa nini napiga kelele sasa? Kwa sababu pampu ya pili haiji. Zamani hii ikifa, unangoja mradi mwingine, unavaa tisheti nyingine. 2025 Marekani ilikata misaada, na Kakuma watu waliona mgao wa chakula wa WFP ukipunguzwa mpaka wakaandamana. Kama chakula kinakatwa, nani atakuletea pampu nyingine? Hii uliyonayo ndiyo hiyo.

Kwa hivyo nyinyi mnaotoa mashine, NGO, MCA, wakfu wa nani sijui: kama hamna pesa ya oili ya mwaka mmoja, punguzeni idadi ya pampu. Mkija na kumi kavu, afadhali mngeleta saba na galoni za oili. Mtafute mtu mmoja kwenye kikundi, awe na jina, awe na daftari, alipwe kitu kidogo kwa kuandika saa. Si kamati ya watu tisa, kamati ya watu tisa haijawahi kupima oili duniani. Na mafunzo yafanyike pale mtoni pampu ikiwa imefunguliwa, si hotelini kwa projekta.

Na nyinyi wenzangu mnaopokea: acheni kusema "ni ya mradi." Sukuma ikikauka itakuwa ya nani? Kila mara mnauza mboga, toeni pesa ya oili kabla hamjagawana, kama vile boda anatoa ya petroli kabla ya kuhesabu faida. Na wewe dada wa kikundi unayeambiwa mashine ni ya wanaume, wewe ndiye uko shambani asubuhi. Zima injini, iweke mahali sawa, ngoja oili ishuke, chomoa kijiti, kifute, kirudishe bila kukikaza, kichomoe tena usome. Dakika tatu. Kitu kigumu hapo ni kipi?

Kuna watu wataandika chini kwamba mimi ni msee aliyeacha chuo, nafundisha injini kwa cheti gani. Sawa. Jibuni hiyo hesabu ya saa 630 kwanza, halafu tuongee kuhusu cheti.

Nimeambiwa kuna uzinduzi mwingine unakuja, pampu zingine, hema lingine. Nitakuwa mstari wa mbele na simu. Kabla kamba haijavutwa nitaomba kitu kimoja tu, kwa heshima zote: mtu achomoe kile kijiti, akifute, akirudishe, akichomoe tena, akilete karibu na kamera. Kama kina oili, nitapiga makofi kuliko kina mama wote waliokuja kuimba. Kama ni kikavu, video inaenda hewani vile iko, bila muziki.